Padre Cecil Majaliwa

Zamani za biashara ya watumwa, nchi ya Wayao ilikuwa nchi ya hofu. Misafara ilipita daima kuelekea pwani, na mtoto aliyetoka asubuhi aliweza kutoweka asionekane tena na mama yake. Mmoja wa watoto waliopotea hivyo ni yule aliyejulikana baadaye kwa jina la Cecil Majaliwa.

Mtumwa hakuibiwa nguvu zake tu. Kwa Wayao mtu hujulikana kwa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye amteteaye penye shauri. Asiye na mjomba hana wa kumsemea. Kwa hiyo mtoto aliyefikishwa Unguja, hata akipata uhuru wake, alikuwa kama mti uliong'olewa na mizizi yake ikaachwa mbali. Uhuru alipewa, ndugu hakuna aliyeweza kumpa.

Mwaka 1864 Misheni ya Vyuo Vikuu iliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer, na watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakaanza kukabidhiwa kwake. Wavulana walitunzwa Kiungani, kusini ya mji, karibu na bahari. Huko ndiko alikolelewa Majaliwa. Wenziwe walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na hapo mwanzo wengi hawakuweza hata kusemezana. Kiswahili kikawa lugha yao wote, na kitabu chao kikawa kimoja, kwa maana Dakta Steere alikuwa akifasiri Maandiko kwa Kiswahili cha Unguja. Injili ya Mathayo ilipigwa chapa mwaka 1869.

Injili hiyo yaanza kwa orodha ndefu ya majina, baba na mwana, baba na mwana, tangu Ibrahimu hata Yusufu mumewe Mariamu. Wasomaji wengi huiruka, wakiona ni kazi ya kuchosha. Lakini mtoto asiyeweza kutaja jina la babu yake hawezi kuisoma kama wasomavyo wengine. Tena akitazama vizuri ataona kwamba katika orodha ile yumo Ruthu, mwanamke mgeni wa Moabu, aliyeacha jamaa zake akahesabiwa katika ukoo wa Daudi. Na akiendelea kusoma hata sura ya 12, atamkuta Bwana Yesu akiwanyoshea mkono wanafunzi wake na kuwaita hao mama yake na ndugu zake. Kwa watu wa Kiungani maneno hayo hayakuwa mfano tu. Waliobatizwa pamoja waliitana ndugu kwa kuwa hawakuwa na ndugu wengine wa kuwaita.

Majaliwa akasoma, akabatizwa, akawa mwalimu. Akamwoa Lucy Magombeani wa Mbweni, katika shamba la Misheni walikokaa watu waliokombolewa. Ndoa yataka wazee wa pande mbili waonane na kupatana. Watu wa Mbweni walikuwa wametengwa na wazee wao, basi Kanisa likawa mahali pa wazee. Na Kanisa Kuu lenyewe lilikuwa likijengwa mjini, Mkunazini, palepale palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873.

Baadaye Majaliwa alipelekwa Uingereza, katika chuo cha Mtakatifu Augustino kilichoko Canterbury. Aliporudi, mwaka 1886, akapewa ushemasi na Askofu Smythies, kisha akatumwa Chitangali, katika nchi za Ruvuma. Yaani alitumwa kwa Wayao, watu wa kabila lake.

Mtu angeweza kudhani kwamba hapo safari yake ilikuwa imekwisha, kwa kuwa amefika kwao. Sivyo. Alitolewa kwao akiwa mtoto, akarudi akiwa mtu wa pwani, mwenye mke wa Mbweni na mafunzo ya Ulaya. Lugha ni yao, sura ni yao, lakini desturi zake zilikuwa za Unguja. Akawa mgeni miongoni mwa watu wake mwenyewe, na jambo hilo ni gumu kuliko ugeni wa ng'ambo, kwa maana katika nchi ya mbali hakuna amtazamiaye mtu kuwa kama wenyeji.

Hata hivyo mkuu wa Chitangali, Barnaba Nakaam, akawa rafiki yake na msaada wake mkubwa. Majaliwa akafundisha shule, akahubiri, akawasomea watu Maandiko, na Wakristo wakaongezeka. Mwaka 1890 Askofu Smythies akampa ukasisi. Alikuwa Mwafrika wa kwanza katika Misheni hiyo kupata daraja hiyo, na tangu siku ile watu walimwita Padre, neno ambalo maana yake ni baba. Hivyo mtoto aliyetengwa na baba yake akawa baba wa watu wengi.

Upweke lakini haukumwisha. Makasisi wenziwe walikaa mbali, na njia ilikuwa ndefu. Naye alikuwa na watoto, na watoto wale walihitaji mafunzo kama yale aliyoyapata yeye. Akaona vigumu kuyapata huko bara. Hakuna atakayemlaumu. Mwanamume aliyejipatia jamaa kwa taabu namna ile hawezi kuyachukua mambo ya watoto wake kwa wepesi. Akaomba kurudishwa Unguja.

Mwaka 1897, baada ya miaka kumi na moja, akarudi kisiwani pamoja na Lucy na watoto wao. Ni mwaka uleule ambao Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mahakama za Unguja zisimtambue tena mtu yeyote kuwa ni mtumwa wa mwingine.