Kardinali Lavigerie, Adui wa Utumwa

Tarehe 1 Julai 1888 watu walikusanyika katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, kumsikiliza mzee mwenye ndevu nyeupe. Aliwaeleza habari za misafara ya watumwa katikati ya Afrika: vijiji vilivyochomwa moto, wanawake waliotiwa kongwa shingoni, na wagonjwa walioachwa njiani wafe. Mzee huyo ndiye Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers.

Alizaliwa Bayonne, Ufaransa, mwaka 1825, akapewa upadre mwaka 1849, kisha akafundisha historia ya Kanisa huko Sorbonne. Mwaka 1860 aliacha vitabu vyake, akaenda Lebanoni na Siria kuwagawia misaada Wakristo waliookoka mauaji. Akawa Askofu wa Nancy mwaka 1863, na mwaka 1867 akahamia Algiers. Huko njaa na kipindupindu vilipoua watu wengi, alikusanya yatima zaidi ya elfu moja akawalea. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadre Weupe, na mwaka 1878 msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makuu. Barua zao ndizo zilizomletea habari alizozitangaza baadaye.

Baba Mtakatifu Leo XIII alimkabidhi kazi ya kuamsha dhamiri za Ulaya, naye akahubiri Paris, London na Brussels. Mkutano wa mataifa ulioanza Brussels mwaka 1889 ulitoa mwaka uliofuata mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa.

Walakini Kardinali hakuridhika na maneno. Aliona kwamba mwenye bunduki hazuiliwi ila kwa bunduki. Mwaka 1891 alianzisha huko Biskra, ukingoni mwa Sahara, shirika la ndugu wenye silaha, lakini halikudumu. Tena aliziamini mno serikali za Ulaya, ambazo vita vya utumwa vilizipa kisingizio cha kutwaa nchi za watu. Katika Kongo ya Mfalme Leopold II, waliosemekana kukombolewa walilazimishwa kwa mjeledi kutafuta mpira msituni. Hilo hatuna budi kulikiri.

Lavigerie alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892. Je, ni nini kilichodumu katika kazi yake? Tumtazame mtoto mmoja aliyeibwa karibu na Timbuktu, akauzwa, akavushwa jangwa, hata Mapadre Weupe wakamkomboa katika Aljeria. Kardinali alimpeleka Malta kusomea uganga. Jina lake Adrian Atiman. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu wa nchi ile mpaka alipofariki mwaka 1956. Majeshi ya Biskra yamesahauliwa, bali Karema wanamkumbuka daktari wao.

Basi, wazazi wapenzi, mnapowasimulia watoto habari za Kardinali huyu, waambieni na habari za Atiman. Kumfungua mtu mnyororo ni kazi ya siku moja, lakini kumheshimu kama mwana wa Mungu ni kazi ya kila siku, nayo huanza nyumbani. Jioni ya leo kila mmoja wetu ajiulize kama msichana anayetupikia na kutulelea watoto amelipwa ujira wake, na kama naye hupata nafasi ya kupumzika.