HABIB SWALEH NA TWARI ZA RIYADHA

Wapenzi wa ngoma katika pwani yetu ni wengi, na kila mmoja ana yake aipendayo. Yuko apendaye chakacha, yuko wa vugo, yuko wa kirumbizi, na yuko asiyetikisika mpaka asikie zumari. Mimi ni wa twari, au matari kama wasemavyo wengine. Huenda baadhi ya wasomaji wakasema kwamba twari si ngoma bali ni ibada. Na wengine watasema ni ngoma tu iliyovishwa kanzu. Ubishi huo si mpya. Ulikuwako Amu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyeubeba mabegani mwake ni mtu mmoja, Sayyid Saleh bin Alawi Jamal al-Layl, ambaye watu wa pwani wanamjua kwa jina la Habib Swaleh.

Kila mwaka unapoingia Mfungo Sita, jina hilo hutajwa kotekote. Watu hutoka Mombasa, Malindi, Unguja, Tanga na hata Ngazija wakaelekea Amu kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Wengi huenda kwa ajili ya kusoma na kuzuru, na wengine, tusifichane, huvutwa na mlio wa twari. Lakini ukiwauliza huyo azuriwaye alikuwa nani, na kwa nini alizikubali twari zile, utaona majibu ni machache. Kwa hivyo leo napenda kueleza habari zake kwa kadiri zijulikanavyo.

KIJANA KUTOKA NGAZIJA

Habib Swaleh alizaliwa Ngazija karne ya 19 ilipokuwa katikati. Alikuwa wa ukoo wa Jamal al-Layl, masharifu wenye asili ya Hadhramaut ambao mababu zao walikaa Pate kabla ya baadhi yao kuhamia Ngazija. Hivyo alipokuja Amu ujanani mwake hakuwa mgeni wa kupotea njia. Alikuwa na ammi yake mjini, na bahari ya siku hizo ilikuwa ikiwaunganisha watu: kusi ikivileta vyombo upande wa kaskazini, na kaskazi ikivirudisha kwao.

Neno Habib halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Ni jina la heshima na mapenzi waitwalo masharifu wa Hadhramaut, hasa wale wenye elimu na uchaji. Yeye alilipata kwa watu, na kwa hakika watu waliolishika jina hilo kwa nguvu zaidi hawakuwa wakubwa wa mji.

Amu alisoma kwa wanazuoni wa huko, akaishika elimu ya dini sawasawa. Alijulikana pia kwa kuwasomea dua wagonjwa na kuwaganga, na kwa kutombagua aliyebisha mlangoni kwake. Tabia hii ya pili ndiyo iliyoyageuza maisha yake, na tutaona kwamba ndiyo iliyoyageuza maisha ya mji.

MJI WA PANDE MBILI

Ili kuifahamu kazi yake, yafaa tuikumbuke Amu ya zama hizo. Mji ulikuwa chini ya Sultani wa Unguja, ukitawaliwa na liwali wake. Upande wa Mkomani zilikuwako nyumba za mawe zenye vidaka na milango ya nakshi, makao ya waungwana wenye mashamba bara. Upande wa Langoni walikaa wengi wa wageni, Wangazija na Wahadhrami, na maskini wa kila namna, katika nyumba za udongo na makuti. Walikuwako pia watumwa na watoto wa watumwa, waliolima mashamba hayo ng'ambo ya pili, na wagema wa minazi ambao mji uliwahesabu kuwa watu wa chini.

Katika mji wa namna hiyo elimu nayo ilikuwa na wenyewe. Mtoto wa nyumba kubwa alisomeshwa Kurani, fiqhi na lugha ya Kiarabu. Mtoto wa mtumwa alifundishwa machache ya kumwezesha kusali, na hapo ndipo penye mwisho wake. Sisemi kwamba kila muungwana alikuwa hivyo, lakini desturi ilikuwa hiyo, na desturi ya mji haivunjwi kwa siku moja. Serikali ya Waingereza ilipoufuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, watu wengi walijikuta wako huru mikono, lakini hawana elimu, hawana jina, wala hawana nafasi katika safu ya mbele.

Habib Swaleh alikaa Langoni, akawafundisha watu hao. Aliwafundisha watumwa na waliokuwa watumwa, wagema, wachukuzi na watoto wa Kingazija. Aliwapa elimu ileile iliyokuwa ikitolewa upande wa pili. Jambo hili likawaudhi baadhi ya wakubwa zaidi kuliko lilivyowaudhi jambo la twari, ingawa twari ndizo zilizosemwa kwa sauti.

KIKOSI CHA TWARI

Watu aliokuwa akiwafundisha walikuwa na ngoma zao. Amu ni mji wa ngoma tangu zamani. Mtaa na mtaa hushindana, na heshima ya kijana yaweza kupanda au kushuka kwa siku moja ya mashindano. Waliokuwa hawana mali wala nasaba walikuwa na mikono ya kupiga na sauti za kuimba, na hizo hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Mwalimu mwingine angewaambia waziache ngoma mlangoni ndipo waingie. Habib Swaleh aliona njia nyingine: waingie nazo, lakini zipewe kazi nyingine.

Mfano alikuwa nao. Kule Seiyun, Hadhramaut, aliishi Habib Ali bin Muhammad al-Habshi, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1915, mwenye msikiti ulioitwa Riyadha na mtunzi wa maulidi yaitwayo Simtu Durar. Habib Swaleh alikuwa na uhusiano naye, na msikiti alioujenga Langoni mwanzoni mwa karne ya 20 akauita kwa jina hilohilo. Maulidi ya Habshi ndiyo yaliyosomwa hapo, na kasida zake zikasindikizwa kwa twari na nai.

Asiyepata kuyaona ajue namna yanavyokwenda. Twari ni duara la mti lililowambwa ngozi upande mmoja. Kabla ya kuanza, wapigaji huzipasha moto ili ngozi ikaze, kwani twari iliyolegea huliharibu kundi zima. Vijana hujipanga safu, kanzu nyeupe na kofia, bega kwa bega. Msomaji husoma mlango wa maulidi, watu wametulia, udi unafuka. Amalizapo, kasida hutolewa na mmoja, wengine huipokea, na twari huingia polepole. Safu huanza kuyumba, huku na huku, kama minazi ipigwayo na upepo mmoja. Mwendo huongezeka, nai hulia juu ya sauti za watu, na ufikapo wakati wa kusimama kwa kumsalia Mtume, mkubwa na mdogo husimama pamoja, na marashi hunyunyizwa.

Nimewasikiliza mashabiki wa twari wakizungumza barazani baada ya kusomwa. Hawasifu kelele. Husifu umoja wa mikono: kwamba twari nyingi zilisikika kama moja, kwamba hakuna aliyekimbia mbele ya mwenziwe, kwamba mpigaji fulani alinyamaza mahali pa kunyamaza. Husifu pia yule aliyetamka maneno ya kasida waziwazi, pasina kumezwa na mlio. Hizo ndizo sifa alizozitaka Habib Swaleh kwa wanafunzi wake, nazo hazipatikani kwa mtu asiyekubali kusimama sawa na jirani yake katika safu.

UBISHI NA SUBIRA

Upinzani haukukosekana. Walikuwako wanazuoni na wakubwa wa mji walioona kwamba kupiga twari msikitini ni kuchanganya ibada na mchezo. Tusiwadharau. Wanazuoni wa Kiislamu wana kauli mbalimbali juu ya dufu na wapi papigwe, na wapo mpaka leo wacha Mungu wasiopenda kuzisikia karibu na mihirabu. Mtu mwenye kuihofia dini yake ana haki ya kusikilizwa.

Lakini katika upinzani ule ilikuwamo pia hofu nyingine, nayo si ya dini. Maulidi yaliyosomwa kwa utulivu katika nyumba za mawe yalikuwa na wenyeji na waalikwa, na kila mtu alijua pa kukaa. Maulidi ya Riyadha yalikuwa wazi. Aliyekuwa mtumwa jana alisimama katika safu na sharifu, akapiga twari na kusoma Kiarabu. Kwa mtu aliyezoea kuwapanga watu kwa nasaba zao, jambo hilo lilikuwa zito. Na lililozidi kuwa zito ni kuwa aliyelifanya alikuwa mwenyewe mwenye nasaba kubwa kuliko zote, kizazi cha Mtume, ambaye kama angetaka angekaa juu ya kila mtu mjini.

Habib Swaleh hakushindana nao kwa maneno. Aliendelea kufundisha. Mwaka baada ya mwaka wanafunzi walizidi, wakatoka mbali zaidi, na waliporudi kwao walichukua elimu, wakachukua na maulidi ya Habshi. Ndiyo sababu maulidi hayo yakaenea katika miji mingi ya Afrika Mashariki. Na Amu kwenyewe, waliokuwa wakikataa walianza kuja, kwanza kutazama, kisha kukaa, na watoto wao wakaingia katika safu.

Alifariki katikati ya miaka ya 1930, mtu mzima wa umri mrefu. Wanawe, akiwamo Sayyid Ahmad Badawi, waliishika kazi ya msikiti na chuo, na kizazi chake kimeendelea nayo. Maandiko ya kale yaliyohifadhiwa Riyadha yamekwisha kupigwa picha ili yasipotee, na ndani yake yaonekana wazi kwamba mahali pale palikuwa pa vitabu kabla ya kuwa pa sherehe.

TUSIISHIKE NUSU

Mji wa kale wa Amu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na tangu hapo habari za Maulidi zimekwenda mbali zaidi. Siku za Maulidi huwa na mashindano ya punda na ya vyombo, bao, goma la wanaume wenye bakora, kirumbizi, na zefe ipitayo kando ya bahari baada ya ziyara ya kaburi lake. Wageni huja na kamera, nao wanakaribishwa.

Hofu yangu ni moja. Twari yapendeza kutazamwa, na kitu kipendezacho hupata wapenzi upesi. Darsa haina mlio. Hakuna asafiriye usiku kucha ili amwone mtoto wa maskini akifundishwa kusoma. Lakini Habib Swaleh alizipokea twari kwa ajili ya watoto hao, ili waliokuwa nje wapate pa kuingilia. Tukizishangilia twari, na huku mitaani mwetu bado twamuuliza mtu ukoo wake kabla ya kumpa binti yetu au kumketisha mbele, basi tumeishika nusu ya kazi yake, na ile nusu iliyokuwa nyepesi.

Kwa hiyo nawaomba mashabiki wenzangu: mtakapoisifu safu iliyopiga vizuri, waulizeni vijana wale pia wanasoma wapi, na ni nani awalipiaye vitabu. Hilo ndilo swali ambalo mwenye Maulidi yale angeliuliza mwanzo. Mwenyezi Mungu amrehemu, na ainawirishe Riyadha yake. Amin.