J. R. R. Tolkien, mwalimu aliyezitetea ngano za kale

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika Kusini ya leo, mwaka 1892, akalelewa Uingereza, ambako alibaki yatima akiwa na miaka 12. Baada ya kunusurika mapigano ya Somme mwaka 1916, alifundisha Leeds, kisha Oxford kuanzia 1925 hadi 1959. Mwaka 1936 aliwapinga wasomi walioutazama utenzi wa Beowulf kama ghala la historia tu. Kwake, mazimwi ndiyo kiini cha utenzi huo. Mwaka uliofuata alichapisha The Hobbit. Alifariki Septemba 1973. Kwa wazee wa Kasese na Bwera wanaowasimulia wajukuu ngano za Kikonzo, maisha yake yana funzo: ngano isiyoandikwa wala kufundishwa huzikwa pamoja na msimulizi wake.