Al-Sufi na kile kiwingu mdomoni mwa samaki

Juzi nilikuwa Kisumu Ndogo, kule Kibera, kwa mtoto wa dada yangu. Baada ya Isha tulikaa nje ya mlango, na juu yetu ile taa ndefu ya mulika mwizi imegeuza usiku kuwa mchana. Kijana akanionyesha picha iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp: galaksi ya Andromeda, imejaa rangi za zambarau na dhahabu, na chini yake maneno kwamba Mwislamu ndiye aliyegundua galaksi miaka elfu iliyopita. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli nusu, na hiyo nusu ya kweli ni nzuri kuliko chumvi iliyotiwa juu yake.

Mwenyewe ni Abdurrahman bin Omar al-Sufi. Alizaliwa mwaka 903, sawa na 291 Hijria, katika mji wa Rey, ambao leo umemezwa na Tehran. Alifanya kazi chini ya Adud al-Dawla, mtawala wa ukoo wa Buwayhi aliyekaa Shiraz na baadaye akaitwaa Baghdad. Mtawala huyu alipenda elimu kweli, na al-Sufi alikuwa mwalimu wake wa nyota. Aliandika pia juu ya asturlabu, kile chombo cha kupimia nyota, ambacho Waislamu walikitumia hata kujulia nyakati za swala na kibla.

Lakini kitabu kilichomfanya ajulikane ni kile cha nyota zisizohama, alichokikamilisha karibu mwaka 964. Tayari alikuwa mtu wa miaka sitini. Wakati huo kila mtu aliyejiita mjuzi wa nyota aliegemea kitabu cha Ptolemy, Myunani wa Alexandria, aliyeorodhesha nyota zaidi ya elfu moja miaka mia nane nyuma. Wengi walinakili tu. Walichora nyota kutoka kitabuni bila kuinua uso juu, na al-Sufi analalamika juu yao waziwazi katika utangulizi wake. Yeye alipita nyota moja baada ya nyingine, akaandika mwanga wake kama alivyouona kwa macho yake, na pale Ptolemy alipokosea akasema amekosea. Kila kundi la nyota alilichora mara mbili: kama linavyoonekana kutoka ardhini, na kama linavyochorwa kwenye tufe.

Tusimpambe kupita kiasi. Mahali pa nyota hakupapima upya. Alichukua hesabu za Ptolemy akaziongezea kiasi kile kile kwa zote, kwa kuwa anga husogea polepole karne kwa karne. Ubora wake uko kwenye macho, katika kupima mwanga.

Jambo jingine alilofanya, ambalo sisi watu wa pwani tungepaswa kulithamini, ni kuweka majina ya Waarabu wa jangwani kando ya yale ya Kiyunani. Majina ya namna hiyo ndiyo yaliyosafiri na majahazi mpaka huku kwetu. Manahodha wetu waliita kaskazini Jaa, kwa jina la nyota. Sasa, katika eneo ambalo Wayunani waliona mwanamke amefungwa minyororo, Andromeda, Waarabu waliona pia samaki mkubwa. Al-Sufi anapomweleza samaki huyo anataja doa la wingu karibu na mdomo wake. Hafifu, si nyota, halitikisiki. Katika mchoro limewekwa kwa vidoto. Basi, hakuongeza zaidi.

Hayo ndiyo maandishi ya kale kabisa tuliyonayo juu ya kitu hicho. Hakujua ni galaksi, wala hakudai. Hakuna aliyejua mpaka Edwin Hubble, Mmarekani, alipopata mwaka 1923 nyota ndani yake inayopanuka na kufifia kwa mpango, na kwa nyota hiyo akakisia umbali. Leo tunajua ni miaka ya nuru milioni mbili na nusu hivi. Al-Sufi alikuwa ametazama nje kabisa ya mji wetu wa nyota bila kuambiwa na mtu.

Na kile alichokiona ni kiini tu. Kazi ya wanajimu wa leo wanaopiga picha za kina ni kutafuta kinachozunguka kiini hicho, mwanga hafifu kiasi kwamba haufiki hata asilimia moja ya mwanga wa anga tupu la usiku. Mwaka 2001 walipata mkondo mrefu wa nyota umening'inia upande mmoja wa Andromeda, mabaki ya galaksi ndogo iliyoraruliwa na mvuto wake. Pembeni yake ziko galaksi mbili za umbo la yai, M32 na M110, na kingo za M110 zimepinda kama nguo iliyovutwa. Mbali zaidi, mnamo 1979 na 1980, David Malin kule Australia alikoleza picha za vioo za galaksi za umbo la yai zilizodhaniwa laini na tupu, akakuta maganda ya mwanga yamezizunguka, tabaka juu ya tabaka. Hayo ni makovu ya galaksi zilizomeza nyingine. Siku hizi kuna chombo kiitwacho Dragonfly kinachounganisha lenzi nyingi za kamera, zile zile wanazobeba wapiga picha wa mpira, kwa kazi hiyo hiyo.

Na sisi tumo. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Ndiyo iliyoonyesha eksirei zimeenea katika makundi ya galaksi, nje ya zile tunazoziona kwa macho. Watoto wetu wangapi wanalijua hilo?

Al-Sufi alifariki Shiraz mwaka 986, miaka mitatu baada ya bwana wake, akiwa na umri wa miaka themanini na ushei. Nakala ya kitabu chake ya mwaka 1009, inayosemwa imeandikwa na mwanawe, imehifadhiwa Oxford. Kasoko moja mwezini inaitwa Azophi, na ni yeye huyo, jina limepinda midomoni mwa Walatini.

Kijana akanitaka nimwonyeshe hicho kiwingu. Tukatazama kaskazini juu ya mabati. Hapakuwa na kitu isipokuwa mng'ao wa taa, na siwezi kuwaambia watu wa Kisumu Ndogo waizime taa inayowalinda wake zao wakienda chooni usiku. Mimi mara ya mwisho nilikiona Lamu, ufukweni Shela, kama moshi wa sigara uliosahauliwa. Nimemwambia aje likizo ya Desemba, siku za mwezi mwandamo, na ile picha ya simu aje nayo tulinganishe.