Fundi wa Dinosau: Maisha ya Bwana Hawkins

Leo nawasimulia habari za fundi mmoja Mwingereza, Benjamin Waterhouse Hawkins. Alizaliwa London mwaka wa 1807, akawa mchongaji na mchoraji wa wanyama.

Mwaka wa 1852 kampuni ya Crystal Palace ilimpa kazi ngeni kabisa: kuunda sanamu za wanyama waliokwisha toweka, kwa ukubwa wao kamili, ziwekwe katika bustani ya Sydenham. Mshauri wake alikuwa mwanasayansi Richard Owen. Hawkins alifinyanga kwa udongo, akatoa kalibu, halafu akajenga kama mtu anayejenga nyumba. Iguanodoni mmoja alikula matofali 600, vigae 900 na mapipa 38 ya saruji! Tarehe 31 Desemba 1853 aliwaalika wataalamu, nao wakala chakula cha jioni ndani ya kalibu ya mnyama huyo. Juni 1854 Malkia Victoria akaifungua bustani.

Shida ilikuwa moja: mifupa yenyewe ilikuwa michache. Kwa kufuata elimu ya wakati huo, Hawkins alimwekea Iguanodoni pembe puani, mithili ya kifaru. Mwaka wa 1878 wachimba makaa wa Ubelgiji wakapata mifupa mizima. Kumbe ile pembe ni ya kidole gumba!

Alikwenda pia Marekani. Mwaka wa 1868, mjini Philadelphia, alisimamisha mifupa ya Hadrosauri, na huyo ndiye dinosau wa kwanza duniani kusimamishwa hivyo. New York nayo ikamwagiza sanamu za Central Park, lakini mradi ulifutwa, na Mei 1871 kazi yake ikavunjwavunjwa. Mzee hakukata tamaa. Aliendelea kuchora, akarudi kwao, akafariki mwaka wa 1894.

Sasa sisi yatuhusu nini? Jamani, Fort Ternan ni hapa hapa Kericho! Mwaka wa 1961 Louis Leakey na watu wake walichimbua huko taya na meno ya Kenyapithekasi, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Mimi naona tumwagize fundi atuundie sanamu yake, watoto wa Kericho na Bomet waione bila nauli ya Nairobi. Najua wengine watasema meno machache hayatoshi. Ni kweli. Basi tuweke kibao kinachosema yapi yametoka kwenye mfupa na yapi tumekisia. Sanamu za Hawkins bado zimesimama Sydenham, pembe puani, na watu wanazidi kujifunza kwazo.