Gama, pahalwan aliyepigana kwa sheria za ugenini

Mcheza kwao hutunzwa, wasema wahenga, na kweli si kazi kubwa mtu kuwa bingwa katika uwanja aliouzoea, mbele ya jamaa zake na kwa sheria alizokua nazo. Kwa hivyo mimi nikitaka kumpima bingwa hutazama mambo yake ugenini. Kwa kipimo hicho, katika wote waliopata kuvuma kwa mieleka, humweka mbele marehemu Gama, Mwislamu wa Punjab, ambaye amefariki miaka zaidi ya 60 sasa na bado jina lake ni mfano wa nguvu katika India na Pakistan.

Jina lake hasa lilikuwa Ghulam Muhammad Baksh. Mwaka unaotajwa zaidi wa kuzaliwa kwake ni 1878, huko wilaya ya Amritsar. Punjab si nchi ngeni kwetu, maana wengi katika watu zaidi ya 30,000 walioletwa Mombasa kutoka mwaka 1896 kujenga reli walitoka huko. Gama alizaliwa katika ukoo wenye asili ya Kashmir, na kazi ya ukoo huo ilikuwa mieleka. Babake alifariki angali mtoto mdogo, akalelewa na jamaa za mamake, nao pia walikuwa mapahalwan, kama wanavyoitwa wapiga mieleka wa huko.

Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka 10 hivi, alipelekwa Jodhpur kwenye mashindano ya kuchuchumaa na kuinuka, zoezi ambalo mapahalwan hulifanya kwa mamia kila siku. Waliohudhuria walikuwa zaidi ya watu 400, wengi wao watu wazima. Mtoto huyo alikuwa miongoni mwa 15 wa mwisho waliobaki, na Maharaja akamtangaza kuwa ndiye mshindi. Tokea hapo alipata wafadhili katika majumba ya wafalme, na kazi yake ikawa kula vizuri, kusali, na kufanya mazoezi.

Sasa, ndugu msomaji, ni lazima nieleze jambo la sheria, maana hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Punjab mieleka huchezwa ndani ya akhara, yaani kiwanja kilichochimbwa na kujazwa udongo laini. Mgongo wa mtu ukigusa udongo, hata kwa kupepesa jicho, ameshindwa na mambo yamekwisha. Ulaya ilikuwa na mitindo miwili. Katika ule ulioitwa wa Kigiriki na Kirumi, ni haramu kumshika mtu chini ya kiuno. Katika ule wa pili mtu hukamata popote awezapo, lakini sharti mabega yote mawili ya mwenziwe yabanwe kwenye mkeka mbele ya refa. Ni kama kumchukua fundi wa kirumbizi wa Lamu, umvue bakora, umvishe glavu za ndondi, kisha useme haya, onyesha ubingwa wako.

Mwaka 1910 Gama na ndugu yake Imam Baksh walikwenda London. Waandalizi wa mieleka huko walimtazama wakamwona mfupi, kwani kimo chake kilikuwa kama futi 5 na inchi 7 tu, na uzito kama ratili 200. Basi akatangaza hadharani kwamba yuko tayari kumbwaga yeyote atakayejitokeza. Kumbukeni kwamba siku hizo India ilikuwa chini ya Mwingereza, na raia mtawaliwa ndiye aliyekuwa akitoa changamoto hiyo katika mji mkuu wa mtawala wake. Alijitokeza Benjamin Roller, daktari Mmarekani mwenye sifa kubwa. Gama alimbana mara mbili, mara ya kwanza kabla dakika mbili hazijatimia, na mara ya pili kabla ya dakika kumi.

Ndipo akakutanishwa na Stanislaus Zbyszko wa Poland, mtu mzito kumpita kwa ratili nyingi. Walishikana tarehe 10 Septemba 1910, wakigombea mkanda wa gazeti la John Bull na paundi 250. Gama alimwangusha mapema sana. Lakini Zbyszko alipoona nguvu zilivyo, akalala kifudifudi na kuung'ang'ania mkeka. Hakuna sheria iliyomkataza. Alikaa hivyo kwa zaidi ya saa mbili na nusu, watazamaji wakizomea, na Gama akimzunguka na kumvuta asiweze kumgeuza. Mwisho ikaamuliwa sare, warudiane tarehe 17. Siku ilipofika Gama alikuwepo, Zbyszko hakuonekana, na mkanda akapewa Gama. Frank Gotch, bingwa mkubwa wa Marekani wa wakati ule, hakupata kupambana naye kabisa.

Aliporudi nyumbani alimshinda Rahim Baksh Sultaniwala, jitu refu ambalo zamani walitoka naye sare, akaitwa Rustam wa Hind. Miaka ikapita. Zbyszko naye alikwenda Marekani, ambako mieleka ilikuwa imetawaliwa na makundi ya waandalizi wanaogombana, kila kundi likipanga mapema nani ashinde. Tarehe 15 Aprili 1925, huko Philadelphia, alitakiwa ashindwe na Wayne Munn, bingwa wa kundi moja. Yeye akapigana kweli kweli, akamnyang'anya ubingwa, na mwezi uliofuata ubingwa ukaishia kwa Joe Stecher wa kundi la upinzani.

Januari 1928 Maharaja wa Patiala akawakutanisha tena Gama na Zbyszko, wote wawili wakikaribia miaka 50. Safari hii mgeni alikuwa Mpolandi, na chini ya nyayo zake mlikuwa na udongo badala ya mkeka. Mbele ya maelfu ya watu alibwagwa kabla dakika moja haijatimia. Gama akatunukiwa rungu la fedha, na sifa zake zikapanda hadi kuitwa Rustam wa Zama.

Wengi huisifu zaidi siku hiyo ya Patiala. Mimi naona siku ya London ndiyo kubwa. Patiala alicheza kwao. London alikubali mkeka wa watu, refa wa watu na sheria za watu, akamkabili mtu mzito kuliko yeye, na ni yule mwenye sheria zake aliyetafuta pa kujificha.

Lakini hata London si mwisho wa hadithi. Mwaka 1947 India ilipogawanywa, Gama alikuwa Lahore, iliyoingia Pakistan. Waislamu, Wahindu na Makalasinga walichinjana, na katika mitaa mingi sheria ikawa ya umati wenye mapanga. Inasimuliwa kwamba mtaani kwake Mohni Road kulikuwa na Wahindu, na umati ulipokuja kuwatafuta, yeye na wanafunzi wake wa mieleka walisimama mlangoni. Hakuna aliyepita. Halafu aliwasindikiza mpaka mpakani na kuwapa chakula cha njiani kwa gharama yake. Sisi tulioishi na jirani wa kila dini kuanzia Lamu hadi Vanga tunajua haki ya jirani ilivyo nzito, na tunajua pia kwamba siku ya fitina ni wachache wanaoikumbuka.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi na upungufu wa fedha. Miongoni mwa waliompelekea msaada ni G. D. Birla, tajiri wa Kihindu, kutoka ng'ambo ya pili ya mpaka. Alifariki Lahore tarehe 23 Mei 1960.

Vijana wa leo hutazama mapambano kwenye televisheni, ambako mpiganaji huhama kundi hili akaenda lile, huku mateke yanaruhusiwa, kule hayaruhusiwi, na kila upande hudai bingwa wao ndiye bingwa wa dunia. Si vibaya wakamjua mzee huyu, aliyekwenda katika uwanja wa mwenziwe asilalamikie sheria zake, na siku umati ulipotaka kumwekea sheria ya damu, akaikataa. Mwenyezi Mungu amrehemu.