Nahodha Aliyeimba Neema

Kila tukiimba ule wimbo wa neema, Amazing Grace, namwaza mtu aliyeutunga. Leo nataka niwasimulie maisha yake yote, hata sehemu tunayoiruka mimbarani.

John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Mama yake alimfundisha Maandiko, lakini alifariki mtoto hajafikisha miaka saba. Baba alikuwa nahodha, na kijana akaingia baharini mapema. Huko aliharibika kabisa. Alitoroka jeshi la majini, akashikwa, akachapwa viboko. Alivyomtukana Mungu, hata mabaharia walishtuka! Pwani ya Sierra Leone aliteswa kama mtumwa, na njaa na homa juu yake.

Machi 1748, meli iliyokuwa ikimrudisha kwao ilipigwa na dhoruba kwenye Atlantiki. Alisukuma pampu mpaka nguvu zikaisha, akashika usukani, na hapo ndipo akamlilia Mungu. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka mpaka kufa.

Wengi wetu tunamalizia hapo. Ngoja kwanza. Baada ya dhoruba hiyo Newton alirudi Afrika kununua watu, na kuanzia 1750 akawa nahodha wa meli za watumwa, safari tatu. Juu, anaongoza ibada. Chini, watu wa Afrika wako kwenye minyororo.

Sasa, alikuwa ameokoka ama hakuwa? Mwenyewe alikuja kuandika kwamba wakati ule wa dhoruba hakuwa bado mwamini kamili. Mimi naona Mungu alimshika kweli siku ile, bila yeye kuleta tendo lolote jema. Lakini dhambi iliyomlisha, ambayo sheria iliruhusu na majirani waliheshimu, hiyo hakuiona. Hata bahari aliiacha mwaka 1754 kwa ajili ya ugonjwa tu.

Akawa kasisi kule Olney mwaka 1764, na wimbo wetu akauandaa kwa ibada ya 1 Januari 1773. Kijitabu chake cha kuipinga biashara ya watumwa kilitoka 1788, miaka 34 baada ya kushuka melini. Humo alikiri aliyoyafanya, kisha akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Alikuwa pia amemshauri kijana Wilberforce asitoke Bungeni.

Alifariki Desemba 1807, macho yamefifia, miezi tisa baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara hiyo.